Masika ya Kumfundisha Sajenti Kukaa

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane kwa wote watakaosoma maandishi haya, yaani mimi peke yangu, kwamba kuanzia leo asubuhi ndoo ya bluu imehamishwa rasmi kutoka jikoni kwenda chumbani, chini ya tundu la bati, ambako itatumikia taifa hadi masika yatakapokwisha. Ndoo imepokea uhamisho bila kunung'unika. Ingekuwa askari mzuri.

Mvua imeanza, basi, na kesho Sajenti anakwenda mbele ya Bodi ya Madaktari. Sajenti ni mume wangu. Jina analo, lakini hata marehemu mama yake alifika mahali akamwita Sajenti. Aliendesha malori ya jeshi mpaka siku lori lilipokanyaga bomu la kutegwa, likamrusha yeye na usukani wake. Pingili tatu za mgongo zilisagika. Wakamstaafisha kwa maradhi, kwa barua yenye maneno matamu na mhuri. Pensheni yake ni ndogo kwa sababu hakutimiza miaka ya utumishi, kana kwamba yeye ndiye aliyechoka akaomba kupumzika. Inatosha kodi ya nyumba na dawa za mgongo za wiki mbili. Mwezi, kwa bahati mbaya, una wiki nne.

Bodi ikiona ulemavu wake umefika asilimia ishirini, atapata posho ya ulemavu kila mwezi. Posho hiyo ndiyo wiki mbili zilizobaki. Sitaki kingine. Sitaki pole, sitaki bendera ya kufunika jeneza. Nataka wiki mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulifika mapema. Sajenti alikuwa na mkanda wa mgongo chini ya shati na fimbo mkononi, amepauka, kwa sababu barabara ina mashimo na kila shimo limemsalimia. Wakamkalisha chumbani kwenye kiti cha mbao, mimi nikabaki kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa umezuiwa na tofali ili hewa ipite, kwa hiyo niliona yote. Heri ningekuwa kipofu.

Meja daktari akaingia. Koti jeupe, vyeo vikichungulia kwa ndani. Na Sajenti, mtu ambaye asubuhi nilimvalisha soksi, alifyatuka kutoka kwenye kile kiti kama mtego wa panya. Visigino, pa. Kifua mbele. Mkono kwenye paji la uso. Fimbo ikabingirika chini ya meza kwa aibu.

"Hujambo Sajenti?"

"Sijambo, afande. Mzima kabisa."

"Mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, afande."

"Unatembea mwenyewe?"

"Bila shaka, afande."

Meja akatabasamu, akaandika, akampa mkono. Chai yangu ya asubuhi huchukua muda mrefu zaidi kuchemka.

Sajenti alitoka kwa hatua za gwaride. Alipopita kona, mahali Meja asingeweza kumwona, akashika ukuta, akashuka polepole hadi sakafuni. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Umeona?" akaniambia. "Ameniita kwa cheo changu."

"Nimeona," nikasema. "Nimeona kila kitu."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sajenti kalala sakafuni.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Sajenti ameinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

Ijumaa, 14 Machi

Dawa zimeisha. Wifi yangu, dada yake Sajenti, amekuja bila kupiga hodi, kama kawaida yake. Anauza nguo za mitumba sokoni na sauti yake imekomaa kwa kazi hiyo. Akikusalimia, nyumba ya tatu wanaitikia.

"Wifi, kaka yangu mbona analala mchana?"

"Mgongo."

"Mgongo, mgongo. Juzi nimesikia alipiga saluti mpaka kuta zikatetemeka. Huyu anaumwa au anadeka? Wewe ndiye unayemlea kama yai."

Nilikuwa nashona kola. Nikaendelea kushona kola. Sajenti alikuwa nyuma ya pazia anasikia yote, ameuma taulo ili kilio chake kisimfikie dada yake. Hiki ndicho nisichokiweza kwa watu hawa wa jeshi: wanaficha maumivu, halafu wanashangaa hakuna anayeyaona.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu yametoka. Asilimia kumi.

Nimekwenda mwenyewe ofisi ya pensheni. Karani pale nilimpa jina la Kesho, kwa kuwa ndilo neno lake. Rudi kesho, mama. Jaribu kesho, mama. Miwani mizito, sauti laini kama ya mtu anayemwamsha mtoto. Nimemchukia kwa mwaka mzima, chuki ya utulivu isiyo na haraka. Leo nilimuuliza kumi imetoka wapi, kwa mtu anayevaa suruali akiwa amelala. Akatazama mlango, akaligeuza faili upande wangu, akajifanya anatafuta kalamu.

Nikasoma. Mimi shule iliniacha darasa la tano. Kusoma kwenyewe nilikomalia kwenye magazeti ya kufungia sukari. Lakini haya hayakuhitaji shule. *Aliingia kwa miguu yake. Alisimama wima haraka bila msaada. Alipiga saluti kikamilifu. Alipoulizwa hali yake alijibu kuwa ni mzima.*

Hakuna uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililonichoma. Wamemfundisha mtu kwa fimbo na matusi, tangu ana miaka kumi na tisa, kwamba mkubwa akiingia unasimama hata ukiwa umekatwa vipande. Kisha wamemwingizia mkubwa, wakaandika kwamba alisimama. Ni sawa na kumfundisha mbwa kukimbilia filimbi, umvunje mguu, upulize, halafu uandike: mbwa huyu anakimbia.

"Mnaweza kukata rufaa, mama," akasema Kesho. "Mtaitwa mbele ya bodi tena."

Nimemshukuru. Nimetembea kurudi nyumbani nikijilaumu kwa kumchukia mtu mwenye moyo.

Nyumbani ilikuwa vita.

"Ulitaka nifanye nini?" Sajenti akauliza. "Nikae mbele ya Meja?"

"Ndiyo."

"Nikae?"

"Kiti kina kazi gani?"

"Wewe hujui. Jeshini ukisema unaumwa, unaitwa mtegaji. Tulikuwa na mwenzetu alisema tumbo linamkata. Wakamkimbiza uwanjani. Jioni akafa. Mpaka anazikwa wengine walikuwa wanamwita mtegaji."

Maji yanadondoka ndooni. Nilidhani atajisikia mwenyewe alichosema. Hakujisikia.

Jumanne, 1 Aprili

Rufaa imepokelewa. Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Zoezi la kwanza. Nilianza ushonaji nje ya lango la kambi, nikiwashonea askari vyeo mabegani, kwa hiyo Meja kwangu ni kazi ya nusu saa. Nimechukua koti langu la zamani, nikalishonea vyeo vya Meja. Nikatoka nje, nikasubiri kwenye manyunyu, nikaingia kwa maringo.

Sajenti akanitazama juu mpaka chini.

"Meja hana makalio hayo," akasema, na hakusimama.

Tulicheka mpaka akaomba tuache, kicheko kinamtonesha. Lakini zoezi limeshindikana. Mke hawezi kuwa Meja, hata akishonwa vipi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwita Wifi. Nilimweleza kazi, akaifurahia kupita kiasi. Akavaa koti, akatoka, na kabla hata hajafika mlangoni akatoa ile sauti ya sokoni:

"Sajenti."

Alikuwa amesimama kabla hajajua ni nani. Visigino, pa. Wifi akaangua kicheko, akajipiga mapaja. Kisha akamwona kaka yake usoni. Alikuwa mweupe kama unga, mdomo wazi, anatafuta pumzi na haipati. Alikuwa bado amepiga saluti, kwa sababu Meja hajaamuru ateremshe mkono, na Meja alikuwa anacheka.

Wifi akavua koti. Tulimshusha wawili, taratibu, kama watu wanaoshusha kabati la vioo.

"Ni hivi kila siku?" akaninong'oneza jikoni.

"Sasa hivi ana dawa," nikamwambia. "Hujaiona wiki ya tatu."

Nimemjua miaka mingi. Ni mara ya kwanza kumsikia akinyamaza.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwekea bakuli la maji mapajani ili aone hasara ya kusimama. Wifi kaita. Tumelowa ndani na nje.

Jumatatu, 14 Aprili

Bakuli tena. Zulia limelowa, Sajenti amelowa, Meja amelowa. Kaka, dada na mke, familia moja, maji yaleyale.

Jumatano, 23 Aprili

Wiki ya tatu. Usiombe.

Mtaro wa mtaani umefurika na maji yameingia hadi chini ya cherehani. Nilikwenda kupeleka sare za watu. Sajenti alijaribu kunyanyua mzigo wa vitambaa usilowe. Wifi ndiye aliyemkuta, amelala kwenye maji ubavu mmoja, mzigo ameuinua juu kwa mkono, mkavu. Hajui amekaa hivyo muda gani. Wifi akambeba mgongoni peke yake. Yule yule aliyesema anadeka.

Niliporudi, Wifi alikuwa amekaa mlangoni, miguu kwenye matope, anatukana. Hakuwa anamtukana mtu mmoja. Alikuwa anaitukana Bodi, Meja, mhuri, aliyebuni neno asilimia na mama yake mzazi. Jirani akatoka akamwambia, "Dada, watoto wanasikia."

"Wasikie," Wifi akasema. "Wasije wakaandikishwa jeshini."

Nikakaa karibu yake. Tangu niolewe sikuwahi kukaa karibu naye kwa hiari.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimepata njia, na nimeipata kwa hasira, si kwa akili. Nilimuuliza, "Kwani hakuna hata siku moja jeshini mkubwa anapita na wewe hutoki mahali pako?"

Akafikiri. "Lindoni," akasema. "Ukiwa lindoni huondoki. Umepangiwa sehemu yako, hata aje jenerali, huiachi mpaka aje wa kukupokea."

Nikainuka, nikakisogeza kiti katikati ya chumba.

"Hiki ni lindo lako. Kuanzia mlango mpaka ukuta. Nani atakupokea?"

"Wewe," akasema.

"Na anayeacha lindo?"

"Anashtakiwa."

Wifi akaita mara saba kutoka nje, kwa sauti zote alizonazo. Mara ya kwanza magoti yaliruka. Mara ya nne yalitetemeka tu. Mara ya saba alikaa, ameshika mbao za kiti mpaka vidole vimekufa ganzi.

Ijumaa, 2 Mei

Kukaa ameweza. Kusema hawezi. Ukimuuliza hali, ni "mzima, afande", hata kama analia. Nikamuuliza, "Lori likiharibika unasemaje kwa fundi?"

"Nataja palipoharibika. Ukimdanganya fundi unaua watu."

"Basi usiseme habari zako. Taja lori."

Alhamisi, 8 Mei

Rufaa. Safari hii walikuwa watatu: Meja yuleyule, daktari wa kiraia aliyekuwa na mafua, na Kanali. Kanali ni mkubwa kuliko Meja. Sikuwa nimeshona Kanali. Niliruhusiwa kukaa ndani, nyuma, ukutani.

Kanali akaingia wa mwisho. Meja akasimama. Hata yule wa mafua akasimama, na jeshini hajawahi kuwa. Sajenti hakusimama. Nilimwona kisogoni: mishipa ilitoka, masikio yakawa mekundu, miguu yote miwili ikatetemeka kama ya mbuzi anayeshikwa. Alikuwa anapigana na magoti yake mwenyewe, na sisi wote tulikuwa tunatazama.

Kanali akasimama mbele yake. "Sajenti, hujaona nani ameingia?"

"Nimekuona, afande. Siwezi kusimama."

"Mwezi wa tatu ulisimama," Meja akasema, akipekua faili.

"Nilisimama, afande. Nikalala sakafuni siku tatu."

"Eleza hali yako."

"Afande, chasisi imepinda sehemu tatu. Upande wa kushoto hauitikii usukani. Kupanda mlima haiwezi, kubeba mzigo haiwezi. Dawa ikiwepo inatembea gereji hadi barabarani. Isipokuwepo, haiwaki."

Yule wa mafua akacheka kidogo, akadhani ni utani. Kanali hakucheka. Akauliza nani alimvalisha soksi. Sajenti akasema, "Mke wangu, afande." Akasema hivyo mbele ya wanaume watatu, kwa sauti aliyokuwa akitumia kuhesabu namba gwarideni, na mimi nilitazama dari.

Tumeshinda, nafikiri. Kwa nini basi najisikia kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake? Walichukua mgongo wake. Leo, ili wamlipe mgongo, ilibidi awape na kile kilichokuwa kimebaki kimesimama. Na mimi ndiye niliyekifundisha kukaa, kwa bakuli la maji na koti bovu. Nyumbani akaishusha sare yake kutoka kwenye msumari, akanipa.

"Kata," akasema. "Tengeneza matambara."

Sikukata. Sikurudisha msumarini pia. Ipo chini ya kitanda na sijui niifanye nini.

Jumatatu, 19 Mei

Manyunyu tu.

Ijumaa, 30 Mei

Asilimia arobaini. Arobaini.

Kesho mwenyewe alinipa barua, kwa mikono miwili, akasema, "Hongera, mama." Nilimwita mwanangu, na ana mvi.

Wifi alifunga meza yake sokoni mchana kweupe, akaja na soda. Alimsomea kaka yake barua kwa sauti, mtaa mzima ukajua kiwango cha ulemavu wake. Watu wakaja kumpongeza kwa kuwa mlemavu zaidi ya walivyodhani. Sajenti alicheka. Ni cheko la kwanza tangu rufaa. Muuza dawa, kwa kuwa sasa sisi ni watu wa posho, amekubali kunikopesha dozi ya mwezi mzima. Chupa mbili badala ya moja. Nimezipanga dirishani mahali ninapoziona nikiwa kwenye cherehani.

Ijumaa, 13 Juni

Wiki ya pili inaisha, na chupa ya pili ipo. Leo Sajenti ametembea mpaka kwa kinyozi. Mvua imekatika kabisa.

Ijumaa, 27 Juni

Wiki ya nne na yupo wima. Amechomelea jirani bawaba ya geti, akiwa amekaa kwenye kigoda. Jirani akamlipa. Akaniletea fedha ile mezani, haitoshi hata kilo ya sukari, akasimama pembeni akisubiri niione.

Jumanne, 1 Julai

Malipo ya kwanza yameingia. Nilikwenda benki na Wifi, tukachukua karatasi ya malipo, tukaisoma pale pale mlangoni. Tukaisoma tena. Kisha tukaenda moja kwa moja kwa Kesho.

Akavua miwani, akaifuta. "Ndiyo, mama. Iko sawa. Kanuni hairuhusu mtu mmoja alipwe mara mbili. Posho ya ulemavu ikiingia, pensheni hupunguzwa kwa kiasi hichohicho."

"Tangu lini?"

"Siku zote. Angekuwa ametimiza miaka ya utumishi, angepata zote mbili. Hakutimiza."

"Hakutimiza kwa sababu mlimlipua," Wifi akasema. Kwa sauti ya chini kabisa. Sikujua anayo.

"Mimi ni karani, dada."

"Ulijua haya Machi?" nikamuuliza. "Uliponigeuzia faili?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Alishangaa kweli. Hilo nitamwandikia kwa haki: hakuwa na ubaya, alishangaa. "Mlikata rufaa ya asilimia, mama," akasema. "Hamkuuliza malipo."

Nilikuwa na maneno. Masika mazima nimeyakusanya, nikayanoa, nikayapanga kwa safu. Nilifungua mdomo mbele ya ile meza, na mtu wa nyuma yangu kwenye foleni, kijana mwenye mguu mmoja, akaniuliza kwa adabu kama nimemaliza.

Karatasi ya mwezi uliopita ilikuwa na mstari mmoja wa malipo. Ya mwezi huu ina miwili. Jumla ni ileile.